Mwalimu alikanyaga udongo



Nasimamia ujenzi hapa Usagara, nina saidia fundi sita, wote chini ya miaka 20. Ijumaa nilimkata mmoja nusu ya posho kwa kuchelewa, huku mzee fundi wetu akinichochea: vijana wa siku hizi kazi hawataki, wanataka simu. Kesho yake kwenye jumuiya tukamwombea Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere atangazwe mwenye heri. Nikakosa raha.

Maana huyu naye alisimamia vijana, tena nchi nzima. Alizaliwa Butiama 1922, mtoto wa chifu, akaanza shule Mwisenge akiwa na miaka 12. Akabatizwa 1943. Aliporudi kutoka Edinburgh 1952 na digrii ya uzamili, watu wakitegemea kumwona na suti, yeye alikanyaga udongo akafyatua matofali ya nyumba ya kuishi na Maria. Walifunga ndoa Januari 1953. Hapo napapenda kuliko habari zote za Ikulu.

Oktoba 1966 ndipo moto ulipowaka. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kukataa kwenda JKT kwa lazima na kulipwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu alikasirika kweli, akawafukuza karibu 400 warudi makwao. (Mimi naona alizidisha.) Lakini siku hiyohiyo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Baadaye wengi waliruhusiwa kurudi chuoni.

Mwaka uliofuata vijana wakawa wanatembea kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha. Mmoja wao, Seti Benjamin, akafia njiani. Oktoba, Mwalimu naye, rais wa miaka 45, akatoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU. Kilomita zaidi ya 200! Na magari ya serikali yapo. Alipong'atuka 1985 alirudi Butiama kulima, akafariki 14 Oktoba 1999.

Mimi posho yangu sijawahi kuikata, wala sikuwa nimeshika chepe tangu msingi uanze.

Jumatatu nikamrudishia kijana hela yake. Kumbe hutembea toka Fela kila asubuhi. Mzee fundi hakufurahi. Nikachukua chepe tukachanganya zege pamoja, na kufika saa nne mikono ilishatoa malengelenge, vijana wananicheka.