Mtwa Mkwawa na Deni la Miaka 35

Kwa mhasibu kama mimi, Mtwa Mkwawa ananivutia kwa sababu hata kaburini aliendelea kudai. Mwana huyu wa Munyigumba aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Ngome yake ya Kalenga ilipoanguka mwaka 1894, alipigana porini hadi Julai 1898, akajiua asikamatwe. Fuvu lake likachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliipa Ujerumani miezi sita kulirudisha. Lilikabidhiwa mwaka 1954 kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, likahifadhiwa Kalenga. Miaka yote hiyo Wahehe hawakulifuta deni hilo. Nasi tuliokwisha kuahidi michango, tusingoje kukumbushwa: dawa ya deni ni kulipa.