Bwana Geddes Aliyehamia Vichochoroni

Nilifika Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, mara moja tu maishani mwangu, na kitu nilichorudi nacho kichwani si ile ngome yao mashuhuri, bali ni meza. Meza yenyewe ni nyeupe, nayo imo katika chumba cha giza juu kabisa ya mnara uitwao Outlook Tower. Darini pana kioo na lenzi ziuteremshao mji mzima mezani: mapaa, magari, watu wapitao njia, wote wakienda bila sauti. Nilisimama hapo nikiduwaa hata nikaambiwa zamu yetu imekwisha.

Aliyeuchukua mnara huo mwaka wa 1892 na kuufanya darasa la kuusoma mji alikuwa Patrick Geddes. Habari zake nimekuwa nikizikusanya tangu siku ile, na leo nataka kukusimulia, msomaji wangu, maana huku kwetu kila atajaye kupanga mji huanza na tingatinga. Nakumbuka bwana mmoja wa afisi aliyetujia mtaani na ramani imekunjwa kwapani. Alitueleza nyumba zipi zingeondoka. Nilipomuuliza kama amepata kuingia japo moja, alitazama saa yake.

Geddes alizaliwa Ballater tarehe 2 Oktoba 1854, baba yake akiwa askari, naye akakulia Perth. Hakusomea ujenzi. Alisomea elimu ya viumbe, na mwalimu wake mjini London alikuwa Thomas Huxley. Mwaka wa 1879 alisafiri Mexico kwa utafiti, na huko macho yakamtupa. Siku nyingi alikaa chumba cha giza, hawezi kusoma wala kuandika. Basi akawa akipapasa viraba vya dirisha, akikunja karatasi kwa mfano wao, kila kiraba akikipa fikra moja na kuiunga na jirani yake. Sisi tuliosoma chuoni, tukahifadhi juzuu kabla ya kumiliki msahafu wetu wenyewe, hatustaajabu kwamba mtu aweza kujenga jengo zima kichwani huku amefumba macho. Alipona, lakini kazi ya hadubini hakuiweza tena kama zamani. Taratibu akaacha kuchunguza vijidudu, akaanza kuwachunguza watu na makao yao.

Edinburgh ya zama zile ilikuwa miji miwili iliyopeana mgongo. Upande mmoja ule wa kale, umepanda mgongo wa jabali kutoka ngomeni, majumba marefu ya mawe na vichochoro vyembamba baina yake. Upande wa pili ule mpya, uliochorwa na kijana James Craig mwaka wa 1767, njia zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Mpya ulipokwisha, matajiri walivuka bonde wakahamia huko. Majumba waliyoyaacha yakagawanywa chumba chumba, jamaa nzima ikilala chumba kimoja, maji ni ya kubeba, taka ni za kutupa nje. Kwa mtu wa heshima, mji wa kale ulikuwa jina la moshi na ulevi na maradhi. Dawa ya serikali ya mji ilikuwa kubomoa na kupitisha njia pana.

Geddes alimwoa Anna Morton mwaka wa 1886, binti wa mfanyabiashara wa Liverpool. Naye bibi huyu, aliyelelewa kwa raha zake, alikubali kuhamia na mumewe James Court, katikati ya uchafu ule. Hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Hakutuma ripoti. Walisafisha vyumba vyao, wakapaka rangi kuta, wakapanda maua, wakawavuta majirani wafanye vivyo hivyo. Palipobomoka akapafanya bustani. Jumba bovu lililoziba hewa aliliondoa peke yake na yaliyolizunguka akayatengeneza, kama tabibu akataye kidonda asikate mguu. Njia hiyo mwenyewe aliiita upasuaji wa kuhifadhi, na sharti lake la kwanza ni kwamba mgonjwa atazamwe kabla ya kupewa dawa.

Mwaka wa 1887 alifungua nyumba ya wanafunzi wa chuo kikuu, wakijitawala wenyewe, ya kwanza ya aina yake Uskoti. Kisha akajenga Ramsay Garden chini ya ngome, majengo meupe na mekundu yaliyoizunguka nyumba ya zamani ya mshairi Allan Ramsay. (Ni mara chache mshairi kuachiwa nyumba yake!) Nia ilikuwa wasomi warudi kuishi katika mji wa kale, wachanganyike na maskini. Fedha zilimshinda, kwani hesabu hakuiweza kamwe, na mwaka wa 1896 ikabidi iundwe kampuni ya kuyachukua majumba yake pamoja na madeni yake.

Riziki yake ilitoka Dundee, alikokuwa profesa wa elimu ya mimea tangu 1888 hadi 1919, akifundisha muhula wa kiangazi tu. Dundee nao ulikuwa mji wa magunia: juti ikitoka Bengal, ikisokotwa na wanawake wa mji ule kwa ujira mdogo. Dunfermline walimwomba ramani ya bustani moja iliyotolewa na tajiri Carnegie. Yeye akawaletea, mwaka wa 1904, kitabu kizima cha kuutengeneza mji wote. Walikikataa.

Mwaka wa 1914 alialikwa India pamoja na maonyesho yake ya miji, na meli iliyobeba michoro ikazamishwa na manowari ya Kijerumani Emden. Akakusanya mingine, akaionyesha Madras mwaka uliofuata. Indore, tauni ilipokuwa ikiwaua watu, alitangaza kwamba maandamano ya Diwali yatapita mitaa ile tu iliyosafishwa vyema kuliko yote. Panya mkubwa wa kuundwa akapitishwa mbele ya watu, na watu wakaondoa taka kwa mikokoteni. Mwaka wa 1917 lakini ulikuwa mzito kwake: mwanawe Alasdair aliuawa vitani Ufaransa, na Anna akafa kwa homa huko huko India.

Sitalificha hili pia: mwaka wa 1919 aliitwa Jerusalem kuwachorea Wazayuni chuo kikuu, na mwaka wa 1925 akachora mpango wa Tel Aviv. Yeye aliyeshika kwamba mwenyeji atazamwe kwanza, hapo simwelewi, na sijasoma maelezo yaliyoniridhisha.

Mwenziwe wa Madras, H. V. Lanchester, ndiye aliyeandika mpango wa mji wa Unguja mwaka wa 1923, kwa hivyo fikra hizi hazikutupita mbali. Geddes mwenyewe alifariki Montpellier, Ufaransa, tarehe 17 Aprili 1932.

Waskoti hawakumsikiliza mara moja. Glasgow, mwaka wa 1945, mhandisi wa mji Robert Bruce alitaka karibu moyo wote wa mji ubomolewe. Hayakufanyika yote, lakini mtaa wa Gorbals uliangushwa, na majumba marefu yaliyosimamishwa hapo na Basil Spence katika miaka ya 60 yalibomolewa mwaka wa 1993. Ni katika miaka ya 70 walipoanza kuyatengeneza majumba ya zamani wenyeji wakiwa ndani, wakayaosha masizi, na jiwe likaonekana lina rangi. Mji uliosifika kwa visu na ulevi ukatajwa mji wa utamaduni wa Ulaya mwaka wa 1990. Edinburgh ya kale pamoja na ile mpya ziliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1995.

Nilipoteremka mnarani nilikwenda hadi James Court. Pamefagiliwa, pana taa nzuri. Niliona watalii wakiburura masanduku ya magurudumu juu ya mawe, wakitafuta namba za vyumba walivyokodi kwa siku mbili tatu, nikakumbuka nyumba za Lamu. Nikamsalimu mzee mmoja aliyebeba mkate, nikamuuliza kama ni mkaazi wa hapo. Akacheka, akaninyoshea kidole mbali, ng'ambo ya mapaa, kunakopanda basi.