MAISHA YA WALIOTUTANGULIA: Dietrich Bonhoeffer na nusu saa ya asubuhi



Katika vikundi vya maombi swali hili linarudi kila mara: nitatafakarije Neno kila siku, nami nina chumba kimoja, watoto wengi, na siku ya mgao wa chakula naondoka kabla hakujapambazuka? Leo nawasimulia juu ya mchungaji Mjerumani ambaye aliwafundisha wengine jambo hili, kisha akalazimika kuliishi akiwa gerezani.

Dietrich Bonhoeffer alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 katika mji wa Breslau, ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Alizaliwa pacha pamoja na dada yake Sabine. Akiwa na miaka 21 tayari alikuwa daktari wa theolojia. Hata hivyo yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alihubiri na kuandika vitabu kabla hajaisoma Biblia kama Neno linalomhusu yeye. Naliweka wazi jambo hili kwa sababu sisi tuliopita chuo cha Biblia tunaweza kujidanganya kwa urahisi.

Hitler alichukua utawala mwaka 1933, na sehemu kubwa ya kanisa ikamfuata. Waliokataa waliunda Kanisa la Ukiri, nao mwaka 1935 wakamkabidhi Bonhoeffer chuo kidogo cha kuandaa wachungaji. Kilianzia Zingst, kando ya bahari, kisha kikahamia Finkenwalde. Humo aliweka sheria ya nusu saa ya kimya kila asubuhi. Kila mmoja alikaa na kifungu kifupi, aya kumi au kumi na tano hivi, na kifungu kilekile kiliendelea juma zima. Hawakuruhusiwa kufungua vitabu vya maelezo wala Agano Jipya la Kigiriki, wala kutafuta mahubiri ya Jumapili. Mtu alisoma kama anayepokea barua iliyoandikwa kwake.

Wanafunzi walinung'unika sana. Wengine walisinzia, wengine walivuta kiko, wengine mawazo yao yalizurura wakaona ni nusu saa ya bure. Bonhoeffer hakuiondoa sheria, lakini alikubali kwamba mara mojamoja watafakari pamoja na kuambiana walichokiona. Kuhusu mawazo yanayozurura alitoa shauri ambalo mimi naliona la thamani kuliko yote: usipigane nayo. Kama moyo umekwenda kwa mtu fulani, mwombee mtu huyo hapohapo, kisha rudi kwenye kifungu. Mama ambaye mawazo yake yanakwenda kwa mtoto aliyebaki nyumbani, vitani, hajashindwa kutafakari. Amepewa la kuombea.

Mwaka 1937 polisi wa siri walifunga chuo. Kabla mwaka haujaisha, wanafunzi 27 wa zamani walikuwa wamekamatwa. Waliobaki walitawanyika, na vita ilipoanza mwaka 1939 wengi walipelekwa jeshini, na wengi wao hawakurudi. Bonhoeffer aliwaandikia barua, akiwapa vifungu vya kutafakari, ili ndugu waliotengana wakae mbele ya Neno moja.

Mwaka 1938 Sabine alikimbilia Uingereza na watoto na mume wake, ambaye alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Katika nyumba waliyoiacha, mjini Göttingen, Bonhoeffer aliandika kwa majuma machache kitabu chake juu ya maisha ya pamoja ya Wakristo. Juni 1939 naye alifika New York, mahali pa usalama, ambako aliandaliwa kazi ya kuwahudumia wakimbizi wa Kijerumani. Alikuwa akisoma kijitabu cha Wamoravian cha maneno ya kila siku, kinachotolewa tangu mwaka 1731. Siku moja alikutana na ombi la Paulo kwa Timotheo, kwamba aje kabla ya majira ya baridi, nalo likamfuata siku nzima. Julai alirudi Ujerumani. Sisemi kwamba aliyekimbia analazimika kurudi. Sabine alikimbia, na alifanya vema.

Aliporudi alijiunga na watu waliopanga kumwondoa Hitler. Tarehe 5 Aprili 1943 alikamatwa na kufungwa Tegel, Berlin. Siku za kwanza hakuna aliyemsemesha, na blanketi lilinuka hata hakuweza kujifunika. Aliporudishiwa Biblia alisoma Zaburi kila siku, kama alivyozoea tangu zamani. Lakini alimwandikia rafiki yake bila kuficha kwamba yalikuwapo majuma ambayo alisoma Biblia kidogo sana. Hakujilazimisha wala hakukata tamaa. Njaa ya Neno ilimrudia, akarudi.

Jumapili tarehe 8 Aprili 1945 alikuwa katika shule ya Schönberg pamoja na wafungwa wengine. Walimwomba aongoze ibada. Akatumia maneno ya siku hiyo: Isaya 53:5 na 1 Petro 1:3. Mara tu alipomaliza kuomba, watu wawili walikuja kumwita. Asubuhi iliyofuata alinyongwa huko Flossenbürg, akiwa na miaka 39.

Wazazi wake walikuwa Berlin na hawakupata habari kwa miezi. Julai walisikia redioni ibada ya kumbukumbu iliyofanyika London, na hivyo ndivyo walivyojua.