Maisha ya Emile Baudot

Katika chumba cha kompyuta hapa shuleni kwetu Kigali, wengi hupenda kubofya picha. Wachache hufungua lile dirisha jeusi ambamo mtu huiandikia mashine amri mwenyewe, herufi kwa herufi. Hao wakiandika stty na kubonyeza Enter, kompyuta ya Linux huwajibu kwa mstari wenye tarakimu, mara nyingi 38400, na baada yake neno baud. Neno hilo ni jina la mtu lililokatwa mkia.

Emile Baudot alizaliwa tarehe 11 Septemba, 1845, katika kijiji cha Magneux, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alisoma shule ya msingi tu, kisha akarudi shambani, na huko alikaa mpaka mwaka 1869 alipopokewa katika idara ya simu za telegrafu ajifunze kazi. Alifundishwa kupiga simu za Morse, halafu mashine ya Hughes iliyochapa herufi juu ya utepe wa karatasi.

Siku zile waya mmoja kwa kawaida ulichukua simu ya karani mmoja, na kila alipopumzisha kidole waya ulikaa bure. Baudot akawaza kwamba makarani wanne wangeweza kupokezana waya ule ule, kila mmoja kwa zamu fupi mno. Lakini herufi za Morse hazilingani: E ni nukta moja, nyingine ni ndefu, na zamu haziwezi kugawanywa sawa. Basi akaipa kila herufi alama tano, kila alama ikiwa ya namna mbili tu. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili hupatikana 32, zinatosha alfabeti. Mwaka 1874 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake.

Kinanda chake kilikuwa na vibonye vitano, viwili vya mkono wa kushoto na vitatu vya kulia. Karani alingoja mlio wa kumjulisha kuwa zamu yake imefika. Akikawia, herufi imepotea. Wenzetu wanaonung'unika kwamba kompyuta imekataa amri kwa nafasi moja iliyosahauliwa, na wawafikirie makarani wale.

Mnamo Novemba 1877 mashine ilijaribiwa kati ya Paris na Bordeaux, ikafaulu. Mwaka 1878 Baudot alipewa medali ya dhahabu katika maonyesho makubwa ya Paris. Hata hivyo idara ilimsaidia kidogo tu, na gharama nyingi zilitoka mfukoni mwake. Mwaka 1880 aliiuza ile medali. Mimi niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini kwanza.

Afya yake ilikuwa mbaya tangu miaka ya mwanzo kazini. Alioa Januari 1890, na mkewe akafariki Aprili mwaka ule ule. Yeye mwenyewe alikufa huko Sceaux, karibu na Paris, tarehe 28 Machi, 1903, akiwa na miaka 57.

Donald Murray alikuwa ameanza, mwaka 1901, kuzibadili alama zile tano ili zipigwe kwa kinanda kama cha taipu. Wanafunzi wa zamani waliowahi kutumia teleksi wanazifahamu. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kutunga Unix huko Marekani, waliiamuru kompyuta kwa taipu ya simu iitwayo Teletype, na ndiyo asili ya neno tty. Alama zilikwisha kuwa saba. Vibonye vyake vilikuwa vigumu, nayo iliandika herufi kumi tu kwa sekunde. Kwa hiyo amri zilifupishwa, ls, cp, mv. Karatasi imeondoka, lakini dirisha jeusi lingali likifuata desturi yake: mstari wa amri, kisha mistari ya majibu. Na ile 38400 siku hizi haipimi waya wo wote.