Flaubert: Jamaa aliyehangaika karibu miaka mitano na riwaya moja

Hebu jifikirie una miaka 27. Umejifungia chumbani miezi 16 ukiandika kitabu, kurasa zaidi ya 500, na hujamwonyesha mtu hata mstari mmoja. Kimeisha. Unawaita marafiki wawili unaowaamini kuliko wote, unawaketisha, unaanza kuwasomea kwa sauti. Unasoma mchana, mnakula, unasoma tena hadi usiku wa manane. Siku nne mfululizo, jumla ya saa 32. Ukifika ukurasa wa mwisho unageuka uwatazame wanasemaje.

Wanakwambia ukitupe motoni.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Mfaransa Gustave Flaubert mnamo Septemba 1849. Marafiki wenyewe walikuwa Louis Bouilhet, mshairi mpole ambaye hakuwa na pesa, na Maxime Du Camp, kijana wa Paris mwenye haraka ya kupata jina. Kitabu kilimhusu Mtakatifu Antoni, mtawa wa jangwani Misri anayejaribiwa na shetani. Kwa mujibu wa kumbukumbu ambazo Du Camp aliandika baadaye, walimweleza waziwazi kwamba maneno yamejaa ila hakuna kinachosonga, na kwamba dawa yake ni kuchukua kisa cha watu wa kawaida, kisicho na nafasi ya kupaa mawinguni.

Flaubert hakukichoma. Alikifungia. Wiki chache baadaye akasafiri na huyo huyo Du Camp kwenda Misri na nchi jirani, safari iliyomrudisha nyumbani mwaka 1851. Sasa ujue, kumeza maneno kama yale kisha upande meli moja na aliyeyasema si jambo dogo. Wengi wetu tungemfungia mtu huyo kwenye simu siku hiyo hiyo.

Lakini turudi nyuma kidogo. Flaubert alizaliwa tarehe 12 Desemba 1821 mjini Rouen, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari mkuu wa upasuaji katika hospitali kubwa ya mji huo, na familia iliishi hapo hapo kwenye majengo ya hospitali. Gustave na dada yake Caroline walikuwa wakipanda ukuta wa bustani kuchungulia chumba cha kupasulia maiti. Wapo wanaosema kule ndiko alikopata jicho lake kavu, lile linalotazama jeraha bila kupepesa.

Alipokua alipelekwa Paris kusomea sheria. Aliichukia, mtihani nao ukamwangusha. Januari 1844, akiwa kwenye gari la farasi pamoja na kaka yake, alianguka ghafla kwa ugonjwa unaodhaniwa kuwa kifafa. Hapo masomo yakaisha, na kusema kweli hakusikitika sana. Familia ilikuwa imepata nyumba kubwa Croisset, kando ya mto Seine, nje kidogo ya Rouen. Kisha mwaka 1846 ukaja na misiba miwili: baba alifariki Januari, na Machi dada yake akafuata muda mfupi baada ya kujifungua. Gustave akabaki na mama yake na kile kitoto, kilichopewa jina la mamake, Caroline. Hao ndio waliokuwa nyumba yake kwa miaka mingi.

Niseme jambo moja kabla hatujamvika taji. Jamaa hakulipa kodi ya nyumba. Baba aliacha mali, na mali hiyo ndiyo iliyomwezesha kukaa wiki nzima na ukurasa mmoja. Wewe unayeandika kwenye matatu ukielekea kazini, usijipime na saa zake. Pima kazi aliyoifanya ndani ya hizo saa.

Kazi yenyewe ilianza Septemba 1851. Kisa ni kile alichoshauriwa, cha kawaida kabisa: mke wa mganga wa kijijini aliyesoma hadithi nyingi za mapenzi, anayechoshwa na ndoa, anayejitafutia wapenzi, anayekopa hadi madeni yanamzingira, anayekunywa sumu. Kisa hicho huhusishwa na mganga mmoja wa kweli aliyewahi kusoma chini ya babake Flaubert, na ambaye mkewe alifariki mwaka 1848. Riwaya ikaitwa Madame Bovary. Rasimu ilimalizika Aprili 1856.

Karibu miaka mitano! Alikuwa akifanya nini muda huo wote?

Alikuwa akifuta. Kwanza alichora mpango wa sura, nani anaingia, nani anatoka. Kisha anaandika rasimu kwenye karatasi kubwa, upande mmoja umejaa maneno, pambizo nayo imejaa maneno, na juu ya mistari kuna mistari mingine imebanwa. Ukurasa ukishachafuka kiasi cha kutosomeka, anaunakili upya kwenye karatasi safi, na ule wa zamani anaupiga mkato mkubwa wa X kutoka kona hadi kona. Kisha ule msafi nao unaanza kuchafuka. Kuna kurasa alizozirudia hivyo mara nyingi sana, hadi aya nzima ya mwanzo ikabaki sentensi moja.

Alikuwa na mtihani wake wa mwisho: sauti. Sentensi ikishakamilika aliinuka na kuisoma kwa kelele, akizunguka chumbani kama mtu anayegombana na jirani. Ikimkaba kooni, au neno likijirudia karibu mno, au sauti mbili zikigongana, basi haijaiva. Anarudi mezani. Aliandika kuanzia mchana hadi usiku wa manane na zaidi, na husimuliwa kwamba mabaharia wa mto Seine walilitumia dirisha lake lenye taa kama mnara wa kuwaongoza.

Chukua mfano wa ile sura ya maonyesho ya kilimo. Ng'ombe wanalia, viongozi wanahutubia kuhusu mbolea na maendeleo, na wakati huo huo ghorofani jamaa anamtongoza Emma Bovary. Flaubert alitaka usikie yote kwa pamoja, hotuba ya samadi ikikatiza maneno ya mapenzi, bila yeye mwenyewe kujitokeza kukuambia ucheke. Ni kurasa chache tu kwenye kitabu. Zilimla kuanzia Julai hadi karibu mwisho wa Novemba 1853. Ukiisoma leo inateleza kama maji, na huwezi kujua kuna mtu alitoa jasho hapo.

Kila Jumapili Bouilhet alikuja Croisset. Ndiye huyo huyo aliyesema kitabu cha kwanza kichomwe. Flaubert anamsomea alichoandika wiki hiyo, Bouilhet anasema hapa umerefusha, hapa umejionyesha, hili neno litoe. Walibishana, na mara nyingi Flaubert alikubali. Bouilhet hakuwa akitaka kitabu kiwe chake. Alitaka kiwe kile Flaubert alichokuwa anakitafuta, basi.

Gharama ilikuwepo lakini. Alikuwa na mpenzi Paris, mshairi Louise Colet, aliyemwandikia barua ndefu usiku baada ya kazi. Barua hizo ndizo zinazotuambia mengi kuhusu mateso yake na sentensi. Colet alitaka mtu, si barua. Walionana kwa nadra, na kufikia mwaka 1855 mambo yalikuwa yamekwisha kabisa. Mama yake naye alimlalamikia kwamba kichaa cha sentensi kimemkausha moyo. Sioni haja ya kumtetea hapo.

Sasa ngoja tufike penye kisanga. Du Camp, yule rafiki wa pili, sasa alikuwa mmoja wa wakubwa wa jarida la Revue de Paris, na jarida likakubali kuichapisha riwaya kwa mafungu kwa franka 2,000. Flaubert mwenyewe alishaupunguza mswada kwa takriban kurasa 30 kabla ya kuutuma. Haikutosha. Julai 1856 Du Camp alimwandikia akitaka waachiwe wao waukate mswada wanavyoona. Kuna mtu mzoefu wa kazi hiyo, alimweleza, ataifanya kwa franka 100 hivi, na Flaubert ndiye atakayelipa.

Yaani mtu amepima kila neno kwa miaka mitano, halafu unamletea fundi wa kupogoa kwa franka 100, tena kwa gharama yake! Flaubert alikataa. Hata tangazo la jarida lilipotoka, jina lake lilikuwa limekosewa, herufi L imetoka, likasomeka Faubert.

Jambo dogo lililofuata linanifurahisha sana. Ndani ya riwaya alikuwa ametaja gazeti la kweli, Journal de Rouen. Aliombwa abadilishe jina ili wenye gazeti wasiudhike. Kwake hilo lilikuwa janga, kwa sababu jina jingine lingekuwa na silabi tofauti na kuvunja mwendo wa kila sentensi lilipotokea. Alihangaika hadi akapata jina la kubuni lenye mlio unaokaribiana, Fanal de Rouen. Ndilo lipo kitabuni hadi leo.

Riwaya ilianza kutoka Oktoba 1856. Lakini serikali ya Napoleon wa Tatu ilikuwa inalimulika jarida hilo, na wahariri wakaingiwa na baridi. Desemba wakaikata sehemu ambapo Emma na mpenzi wake wanazungushwa mjini Rouen ndani ya gari la farasi lililofungwa mapazia. Ajabu ni kwamba Flaubert hakuonyesha chochote cha ndani ya gari hilo. Msomaji anaona mitaa tu, farasi aliyechoka na dereva asiyeelewa. Wakaweka tangazo dogo kwamba kuna sehemu imeondolewa, na bila shaka kila mtu akaanza kukisia mambo mabaya kuliko yaliyoandikwa. Fungu la mwisho walilikata tena. Safari hii Flaubert aliweka tangazo lake mwenyewe akiikana kazi iliyokatwa hivyo na kumtaka msomaji aione kama vipande tu.

Mkasi haukuwaokoa. Januari 29, 1857, mwandishi, mwenye jarida na mchapaji walisimama kortini Paris kwa madai ya kukosea maadili ya umma na dini. Kiongozi wa mashtaka Ernest Pinard alilalamika kwamba hakuna mtu hata mmoja kitabuni anayemhukumu yule mwanamke. Hapo Pinard alisoma vizuri kuliko wahakiki wengi, maana kile alichokiita kosa ndicho Flaubert alichokitafuta miaka yote ile: kujiondoa mwenyewe kwenye ukurasa. Kila sentensi ya kumhubiria msomaji aliifuta. Wakili wake, Jules Sénard, alitetea kwa saa kadhaa kwamba kitabu kinaonya kuhusu maovu. Februari 7 waliachiliwa huru. Mwaka huo huo Pinard alimfuata mshairi Baudelaire, na huyo hakupona: alitozwa faini na mashairi yake sita yakapigwa marufuku.

Kesi ilikuwa tangazo tosha. Madame Bovary ilipotoka kama kitabu Aprili 1857, na sehemu zilizokatwa zikiwa zimerudishwa, watu waliigombania. Flaubert alikuwa ameuza haki zake kwa mchapishaji Michel Lévy kwa franka 800 pekee, kwa hivyo aliyenenepa ni Lévy.

Unaweza kudhani baada ya hapo alijifunza kuandika haraka. Wapi! Riwaya iliyofuata, Salammbô, iko Carthage ya kale. Mwaka 1858 alisafiri hadi Tunisia kuona mahali penyewe, akarudi nyumbani, akaona alichokwisha kuandika hakifai, akabomoa na kuanza upya. Ilitoka 1862. Nyingine ilitoka 1869, mwaka ambao Bouilhet alifariki na Flaubert akahisi amepoteza nusu ya akili yake. Mwaka 1875 mume wa mpwa wake alifilisika, na Flaubert akauza shamba lake kumwokoa. Akaanza kuonja umaskini ambao wengi huanza nao. Rafiki yake George Sand, aliyeandika vitabu vingi kwa mkono mwepesi na kuishi kwavyo, alifariki 1876 kabla hajamaliza hadithi fupi aliyokuwa akimwandikia.

Na yule Mtakatifu Antoni wa mwaka 1849? Alimtoa kabatini mwaka 1856, akamkata, akamrudisha. Akamtoa tena na kumwandika upya kabisa. Kitabu kilichapishwa 1874, miaka 25 baada ya usiku ule alioambiwa akitupe motoni, na kilikuwa kifupi mno kuliko kile marafiki walichosikiliza.

Alifariki ghafla Croisset tarehe 8 Mei 1880, akiwa na miaka 58, na riwaya isiyokwisha mezani. Nyumba ile ilibomolewa, kikabaki kibanda cha bustanini. Karatasi za Madame Bovary, ambazo mpwa wake Caroline aliwapa watu wa maktaba ya Rouen mwaka 1914, ni maelfu, kwa kitabu ambacho ukikinunua leo hakifiki kurasa 500. Zimewekwa kwenye intaneti, bure. Fungua wowote ukuze picha kwenye simu yako: utaona neno limefutwa, lililowekwa juu yake limefutwa, la tatu pembeni limefutwa pia, na lile la kwanza limerudi.