Kristen Nygaard, fundi wa ordinatere mwenye aliketi na sendika

Mu mwaka wa 1967, ile mwaka Union Minière iligeuka Gécomin hapa kwetu, kuko mufanyakazi mupya wa Centre ya mahesabu ku Oslo, muji mukubwa wa Norwei, alikimbia kwa mama wa telefone na woga mingi. Alisema baume wawili banapigana kule juu, mbele ya tablo. Mama akatoka, akatega sikio kidogo, akamutuliza. Hakukuwa vita. Ilikuwa paka Dahl na Nygaard banabishana juu ya Simula.

Simula ni luga ya kuambia ordinatere kazi. Kristen Nygaard, mwenye alizaliwa Oslo mu 1926, alianza kwa kufanya mahesabu ya jeshi, kisha mu 1960 akaingia ile Centre. Alitaka kupima kazi mbele ya kuianza: motokari ngapi zitapanga mulolongo, mashini gani itakaa bure. Kuandika ile yote mu luga za zamani ilikuwa mateso. Yeye na Ole-Johan Dahl njo balitafuta kitu chenye banaita klasi.

Tuangalie mu kampi. Kila nyumba iko na baba yake. Mutoto akiita baba ndani ya nyumba yake, baba ya jirani haitike, hata jina ni moja. Klasi iko vile: kila kitu kinabeba majina yake na kazi yake ndani, hakichanganyike na kingine. Tena klasi moja inaweza kuzaa ingine: kamyo ni motokari, inaongeza tu tani zenye inabeba. Kwa hiyo fundi haandike yote upya. C++ na Java zilikamata ile njia, na programu mingi za telefone zetu zinaandikwa vile.

Lakini kwangu, kazi yake kubwa ilikuja nyuma. Nygaard aliona kama chombo chake kinaweza kupanga kazi ya batu bila mutu kubauliza. Mu mwanzo wa miaka ya 1970 akaenda kuketi na sendika ya bafanyakazi ya chuma. Hakubaletea rapore ya kusoma tu. Alitaka bo wenyewe bajifunze namna mashini inahesabu, bajadiliane ku atelye, baamue nini bakubali na nini bakatae. Mu 1975 sendika na bapatron balitia sahihi mapatano ya inchi nzima: ordinatere haiingie ku kazi bila bafanyakazi kuelezwa mbele, na bako na haki ya kuchagua mwenzao wa kufuata ile mambo.

Wenye kupitisha karta ku mulango wa kampuni kila asubui banaelewa. Saa za nyongeza zinahesabiwa na programu, na kuko mutu mwenye aliandika namna ya kuzihesabu. Fishi ya mushahara ikitoka na makosa, unauliza nani?

Nygaard hakupenda kunyamaza. Mu 1994 alikuwa mbele ya bale balikatalia Norwei kuingia mu Umoja wa Ulaya, na kura ikabapa haki.

Yeye na Dahl balipewa pamoja zawadi ya Turing, kubwa kupita zote za kazi yao, ya mwaka 2001. Dahl akakufa tarehe 29 ya mwezi wa sita 2002. Nygaard akamufuata tarehe 10 ya mwezi wa nane.