Mkulima Aliyeongoza Jimbo

Leo tumeona ni vyema tuwakumbushe wasomaji wetu maisha ya Ernest Charles Drury, mkulima wa Kanada, kwani yana funzo kwa kila ashikaye jembe na kila ashikaye nyundo.

Drury alizaliwa mwaka 1878 huko Crown Hill, katika jimbo la Ontario. Alisoma katika chuo cha kilimo, akahitimu mwaka 1900, kisha akarudi kulima shamba la nyumbani. Mwaka 1914 yeye na wenzake, miongoni mwao J. J. Morrison, waliunda Umoja wa Wakulima wa Ontario.

Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu, Serikali ya Kanada ilivunja ahadi yake ya kutowachukua jeshini vijana wa wakulima. Mashamba yakakosa mikono, na uchungu ukaenea vijijini. Katika uchaguzi wa Oktoba 1919, wakulima walipata viti vingi kuliko chama kingine chochote, walakini havikutosha kutawala peke yao katika Baraza la watu 111. Kwa hiyo walishikana na wafanyakazi, waliokuwa na viti 11. Morrison alikataa uwaziri mkuu. Ndipo akaitwa Drury, ambaye hakuwa hata mjumbe wa Baraza.

Serikali hiyo haikukaa bure. Iliwapa posho wajane wenye watoto, ikaweka kima cha chini cha mshahara kwa wanawake, ikajenga barabara, na ikafungua benki ya akiba ya jimbo. Walter Rollo, kiongozi wa wafanyakazi, akawa Waziri wa Kazi.

Lakini nyumba iliingia ufa. Wafanyakazi walidai siku ya kazi ya saa nane. Wakulima wengi, waliozoea kulima toka alfajiri hata magharibi, hawakulipenda dai hilo. Drury alitaka chama kifungue mlango kwa wote wenye nia moja nacho. Morrison akashikilia kwamba ni cha wakulima tu. Juni 1923 walishindwa vibaya, na Drury mwenyewe akapoteza kiti chake. Alirejea Crown Hill, na alifariki mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 90.

Sisi twaona kwamba hasira ya pamoja iliwatosha kushinda uchaguzi, walakini haikuwatosha kutawala. Ufa waliuona wote, wala hakuna aliyeuziba kwa wakati.